Kwa nini waridi lako la jangwani linaoza

Kila masika yakianza, simu nazo huanza kuingia kitaluni: waridi la jangwani limelegea, majani yamekuwa ya manjano, na mteja kwa huruma ameongeza maji. Kabla hujashika tena kopo, bonyeza shina pale linapogusana na udongo. Likiwa limenywea kidogo lakini gome ni kavu, hiyo ni kiu, na itaisha. Likibonyea kama embe lililopitiliza na kutoa maji ya kahawia, limeoza.

Mmea huu ni wa nyika yetu. Huko Tsavo wakati wa kiangazi utaukuta juu ya mawe, hauna hata jani moja, nao umejaa maua ya pinki. Shina lile nene ndilo ghala lake la maji. Ukiupanda kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, maji hutuama na mizizi hukosa hewa.

Uliooza si wa kutupwa mara moja. Ung'oe, osha mizizi, kisha kata kwa kisu kikali mpaka ufikie sehemu nyeupe isiyo na doa lolote. Vaa glavu: utomvu wake ni sumu kali, wazee waliupaka kwenye mishale ya kuwindia, kwa hiyo watoto na mbuzi wakae mbali. Uache kivulini, pakavu, wiki moja au mbili hadi kidonda kikauke. Hapa ndipo wengi huharakisha na kuupoteza. Kisha uupande kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na kokoto ndogo na samadi kidogo iliyooza vizuri. Bustanini, inua tuta kwanza.

Mwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, halafu subiri udongo ukauke kabisa. Ukipukutisha majani, usiupe maji hadi uchipue.

Miche yetu yote tunaiotesha kwa mbegu. Maganda tunayafunga uzi kabla hayajapasuka, maana mbegu zina vishungi na upepo huzipeperusha. Mche wa mbegu hunenepa shina tangu mdogo. Wa kukata tawi mara nyingi haunenepi hivyo. Ukiuziwa barabarani mti mkubwa wenye mizizi iliyokatwakatwa, huenda umechimbwa porini. Sisi hatuununui, na tunakuomba sana nawe usiununue.

Mwenye mmea uliolegea aulete kitaluni asubuhi. Kuukagua ni bure.