Maji ya Njombe hayachemki kwa nyuzi 100

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nijibu hoja niliyochoka kuisikia kwenye vikao vya wazazi, kwamba shule ambayo maabara yake haijakamilika haiwezi kufundisha kemia kwa vitendo. Mimi ni mwalimu wa kemia katika sekondari ya kata huku Njombe. Enzi za Rais Kikwete, ilipokuja kampeni ya maabara tatu kwa kila sekondari ya kata, wananchi walichanga na majengo yakasimama. Kwetu jengo lipo, gesi haipo, na sinki halijawahi kuona maji. Lakini mada ya vimiminika haingoji gesi wala sinki.

Chukua kuchemsha maji tu. Unahitaji sufuria, jiko la mkaa na kipimajoto. Kitabu cha kiada kinasema maji huchemka kwa nyuzi 100. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo, kwa hiyo maji yanatokota kwa nyuzi 93 au 94 na hapo kipimajoto hakisogei tena, hata upepee mkaa mpaka mkono uume. Wanafunzi wa kidato cha kwanza wakifika hapo huanza kunong'onezana kuwa kipimajoto ni kibovu. Ukikusanya madaftari, wengi wameandika 100. Wameona 93 kwa macho yao, wakaandika ya kitabu! Hiyo 100 siipi alama. Tunabishana mpaka mmoja anakumbuka kwamba maharage ya kwao hukaa jikoni muda mrefu kuliko ya shangazi yake aliyeko Dar es Salaam, pwani, ambako maji huchemka kwa joto kubwa zaidi. (Najua lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Wathibiti ubora wanisamehe, ubishi wa namna hii huja kwa Kiswahili.)

Siku nyingine naleta bakuli la maji na wembe mpya. Ukiulaza wembe taratibu kwa uma, unakaa juu ya maji, ingawa chuma ni kizito kuliko maji zaidi ya mara saba. Dondosha tone la sabuni ya maji pembeni, wembe unazama papo hapo. Kisha tunachukua sarafu mbili za shilingi 200 na mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, moja la maji, jingine la spiriti, na watoto wanahesabu matone. Maji yanajikusanya na kuvimba juu ya sarafu kabla ya kumwagika. Spiriti inatambaa na kumwagika mapema, maana mvutano wa uso wake (nguvu inayokaza uso wa kimiminika kama ngozi, ile iliyobeba wembe mpaka sabuni ikaidhoofisha) haufiki hata theluthi ya ule wa maji. Ila siku ya spiriti jiko haliingii darasani wala kiberiti, kwa sababu mvuke wake hushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 13 au 14. Petroli siigusi kabisa.

Wanaosema hayo ni mambo ya jikoni wasome habari za Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani. Alizuiwa chuo kikuu kwa kuwa ni mwanamke, akabaki nyumbani akiuguza wazazi na kuosha vyombo, na humo jikoni akabuni kifaa cha kupimia mvutano wa uso wa maji. Alimwandikia mwanasayansi Lord Rayleigh wa Uingereza, naye akaipeleka barua hiyo kwenye jarida la Nature, ikachapishwa mwaka 1891.

Kinachoniuma zaidi ni mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Mtoto anapewa bureti, mrija mrefu wa kioo wenye alama za kupimia kimiminika, na maji yamejipinda ndani yake, kingo juu, katikati chini, kwa kuwa maji huvutwa na kioo. Anatakiwa asome chini ya mpindo, jicho likiwa usawa wake. Asiyewahi kuonyeshwa husoma mara kingoni, mara katikati, mara akiwa amesimama anatazama kwa juu, na hesabu zote zinavurugika. Hilo angeweza kulizoea tangu kidato cha kwanza kwa silinda moja ya kioo ya kupimia na maji yenye rangi. Bomba la sindano la plastiki halifai hapo, mpindo hauonekani vizuri.

Kwa hiyo, wakuu wa shule, kabla ya kudai mitungi ya gesi nunueni kwanza vipimajoto viwili na silinda ya kioo. Na kwenye ratiba mtupe vipindi viwili mfululizo. Dakika 40 hazitoshi kuwasha mkaa, kuchemsha maji, kupima, na watoto wabishane.

Mwalimu wa Kemia,
Njombe