Kome wa Ziwa Victoria nao wahesabiwe

Mhariri,

Nafuga kuku wa mayai hapa Musoma na chakula chao nachanganya mwenyewe: pumba, mashudu, dagaa, na makombe ya ziwani yaliyosagwa, yaani magamba ya kome, mnyama laini anayeishi kati ya magamba mawili, maana kuku akikosa chokaa hutaga mayai ya ganda laini. Makombe nanunua kwa gunia kabla hayajasagwa, kwa hiyo naona kilichomo. Zamani yalikuwa makavu, meupe, yaliyookotwa ufukweni upande mmoja mmoja. Siku hizi mengi pande zake mbili bado zimeshikana, ndani yanang'aa, na harufu yake usiniulize. Huyo ni kome aliyetolewa majini akiwa hai. Tena wanazidi kuwa wadogo.

Nawaomba watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi Tanzania, na wenzao wa Kisumu, Kenya, na Jinja, Uganda, wamwangalie kiumbe huyu. Mitumbwi na nyavu za ziwa hili huhesabiwa. Sangara na dagaa hupimwa kwa mitambo ya sauti. Kome, anayejikalia mchangani akichuja maji tunayochota, sijasikia akitajwa hata kwenye vikao vya BMU, vikundi vya kusimamia uvuvi ufukweni.

Kuna watakaosema uokotaji upigwe marufuku, basi. Wataumia kina mama wanaouza magunia, na kome huenda asipone. Mwaka 1961 mtafiti Geoffrey Fryer, aliyefanya kazi Jinja, alichapisha maelezo ya ukuaji wa kome wa jenasi ya Mutela. Lava wake, yaani kome anapokuwa bado hajawa na umbo la kome, hujishikiza kwenye mwili wa samaki ambaye Waganda humwita kisinja, hukulia hapohapo, kisha hudondoka akiwa kome mchanga. Asipompata samaki, hakui. Tangu wakati huo sangara ametapakaa ziwani, na kisinja anayepanda mitoni kutaga hukuta nyavu zimetegwa midomoni mwa mito. Lava sasa wanabebwa na nani? Furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wanawafaa? Hilo ndilo swali la kwanza, na bila jibu lake marufuku ni kupapasa gizani.

La pili ni ukubwa. Ijulikane kome wa kwetu huanza kuzaa akiwa na ukubwa gani, ili wanaookota waambiwe upi waurudishe majini. Uchimbaji mchanga ufukweni nao uchunguzwe.

Wasisubiri bajeti ya meli. Waanzie kwenye mashine za kusaga chakula cha mifugo, wapime makombe gunia kwa gunia na kuuliza limetoka mwalo gani, yaani ufuko gani wa kuegesha mitumbwi. Yangu nitawaachia wapime kabla sijayapeleka kusagwa.

Mfugaji wa kuku,
Musoma