Miaka mitano ya chuo sijaitupa

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kuna msomaji wa Moshi aliandika humu kwamba vijana wanaosoma fani moja halafu wanahamia nyingine wanachezea hela za wazazi, nikaona kabisa nimesemwa mimi, maana nimesoma usanifu majengo miaka 5 pale Chuo Kikuu Ardhi, nikachora ramani hapa Arusha miaka 6, na saa hizi nafanya utafiti wa watumiaji, yaani kuangalia watu wanavyotumia huduma za simu na wapi zinawashinda, ile wenyewe wanaita yuza ekspiriensi. Mzee wangu akiulizwa mpaka leo anajibu binti yake anachora ramani. Simlaumu.

Ila kuna nyumba niliichora Njiro, jiko la ndani safi, kabati za kisasa, marumaru mpaka juu. Baada ya mwaka nikarudi kudai hela yangu iliyobaki (ndo kazi yenyewe hiyo) nikakuta lile jiko limegeuka stoo ya mahindi, mama mwenye nyumba kapigilia mabati uani anapika huko kwa mkaa, wala hakununa, akaniuliza tu, "Mwanangu, sasa mle moshi unatokea wapi?" Mimi nilikuwa nimeongea na baba peke yake, si ndo anayelipa.

Sasa hiyo ndo kazi yangu ya leo, kumuuliza mama kabla mabati hayajapigwa, tofauti ni kwamba nyumba imekuwa simu. Juzi nimekaa na muuza nyanya soko la Kilombero asubuhi nzima namwangalia anavyotuma hela kwa simu ya batani, kumbe hasomi chochote, anabonyeza kwa kukariri, nne, moja, tatu, na kule ofisini watu walishapanga upya ile orodha ya kuchagua kwenye simu ili ipendeze, basi siku hiyo hela ya tenga zima la nyanya ikanunua muda wa maongezi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Na si kwamba ni mteremko jamani, mshahara wa kwanza ulikuwa chini ya ule wa zamani, karibu mwaka mzima nilikuwa nachora ramani za watu usiku ili kodi ya nyumba itimie. Kinachonikera ni matangazo ya kazi, eti lazima digrii ya kompyuta, wakati Don Norman, yule mtaalamu wa Marekani aliyelieneza hilo jina la yuza ekspiriensi akiwa kampuni ya Apple miaka ya 1990, cheo chake mwenyewe kilikuwa na neno msanifu ndani yake. Waajiri waulize mtu amewahi kukaa na watu wangapi na aliona nini, basi.

Huyo mzee wangu naye kanipigia wiki hii, anataka nimchoree nyumba ndogo kijijini Machame, vyumba viwili na jiko. Nimemwambia ampe mama simu kwanza.

Msomaji wenu,
Sakina, Arusha