Mama, lile neno la Mjomba kuhusu sukari

Shikamoo Mama. Hela nimetuma jana jioni, angalia kwenye simu, ni ya dawa za sukari za Baba na hiyo ya juu mnunulie vijiti vya kupimia, isiguswe kwa ajili ya bati za Mjomba. Mie mzima, baridi ipo lakini nishaizoea.

Sasa Mama, lile neno la Mjomba Salehe siku ya hitma bado limenikaa rohoni. Mbele ya watu wote akasema nimekwenda Ulaya kusomea maneno, akamalizia eti hata sukari tumelitoa kwa Mwingereza, shuga ikawa sukari. Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu Bibi. Basi mwambie wiki iliyopita nimesimama darasani hapa Leeds, Mwafrika peke yangu, nimelieleza neno hilo hilo na nimepata maksi kuliko wote! Mwingereza kalipata kwa Mfaransa, sucre, huko miaka ya 1200, Mfaransa kwenye Kilatini, succarum, na Kilatini kimelitoa kwa Mwarabu, sukkar. Na sie tumelipata kwa Mwarabu huyo huyo, limekuja na majahazi, Ulaya halikupita. Kwa hiyo shuga na sukari ni ndugu, tena sie ndo tumebaki karibu na mzee. Mwarabu nae kalitoa kwa Mwajemi, shakar, na asili yake India, kwenye Kisanskriti, sharkara, maana yake changarawe.

Changarawe Mama! Nikakumbuka ile sukari guru ulivyokuwa unaifunga kwenye kitambaa unaiponda na mchi, vipande vinaruka sakafuni tunavigombania, ukitafuna inakwaruza meno kama mchanga. Na hiyo guru yenyewe ni Kihindi, gur.

Halafu Mjomba mtu wa Pangani kabisa, kwani hajui Abushiri alikuwa na shamba la miwa hapo hapo kabla hajapigana na Mjerumani 1888? Mwingereza katukuta tushakula sukari zamani.

Nilitaka nimwambie mwenyewe, tumekaa barazani, sio kwa barua. Msomee wewe, polepole, Baba akiwepo.

Na Baba asiruke kidonge cha jioni, chai anywe bila sukari hata wakija wageni. Nikija mwezi wa sita niwekee guru, ile nyeusi ya chini ya kapu.