Machungwa yarushe ukiwa nchi kavu

Mwanangu,

Nimesikia kwa dada yako, sio kwako, eti mkifika Dar kwenye mashindano ya sayansi mtapelekwa baharini kupima mkondo kwa machungwa. Mimi mama yako ndo wa mwisho kuambiwa?

Hongera lakini. Baba yako kakutangaza Kibirizi nzima hapa Kigoma, tangu ulipomweleza kwamba upepo wa kusini kuanzia Mei mpaka Septemba unasukuma maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yanakuja huku kwetu kaskazini, halafu kule Mpulungu, Zambia, kusini mwa ziwa, maji ya baridi yanapanda toka chini na rutuba yake, vijidudu vinazaliana na dagaa wanapata chakula. Alikusikiliza kimya, na si kawaida yake.

Ila usiingie kwenye maji. Najua unaogelea, umekulia ziwani, lakini hili ziwa letu halina kupwa na kujaa kwa kuonekana. Bahari inapanda na kushuka mara mbili kwa siku, siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa zaidi, tofauti pale Dar inazidi mita 3, ulipopita kwa miguu asubuhi ukirudi baadaye ni kina. Na kuna mkondo wa kwenye mawimbi unaovuta mtu kwenda ndani, ukikubeba usishindane nao kurudi moja kwa moja, ogelea pembeni, sambamba na ufukwe, mpaka ukuachie. Nakwambia ujue tu, sio ruhusa hiyo!

Chungwa usilimenye, likimenywa linazama. Likiwa na ganda linaelea huku sehemu kubwa iko ndani ya maji, upepo haulipati sana. Rusha, pima hatua ufukweni, angalia saa, likienda mbali liache liende. Usilifuate.

Majaji wakikuuliza, mkondo wa pwani yetu unaelekea kaskazini mwaka mzima, wakati wa kusi, ule upepo wa kusini, unaongeza kasi, unaogeuka mwelekeo ni ule wa Somalia. Mwaka jana majibu ulikuwa nayo ukaongea unaangalia viatu. Inua uso baba.

Mzigo nimempa konda wa basi la Tabora, dagaa na chupa ya mawese, ifunge vizuri isimwagikie daftari. Dagaa nusu mpelekee mwalimu wako, umsalimie sana. Bati la jikoni linavuja tena ila hela ya fundi ndo hiyo nauli yako, tutaezeka ukirudi. Mdogo wako anaumwa mafua tu.

Piga kabla hamjaenda ufukweni na mkitoka, hata ubipu. Na ile bukta ya kuogelea iache shuleni.

Mama