Barua kwa Somo Yangu wa Maskati Kuhusu Safari ya Reli ya Kati

Dar es Salaam,
4 Oktoba

Somo yangu mpenzi,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku tu wazima, na ni matumaini yangu kuwa wewe, shemeji na watoto hamjambo pia. Ama baada ya salamu, uliniuliza katika barua yako kama utakapokuja mwakani upande ndege hadi Tabora kuiona nchi aliyozaliwa marehemu bibi yako, au uende na msafara wa reli kama huu niliorudi nao juzi. Nenda kwa reli, somo, na uende na kiongozi anayeijua njia. Ukishuka kwenye ndege utaiona Tabora, lakini hutaelewa kwa nini mji uko pale wala wazee wako walifikaje huko.

Tulikuwa watu kumi na wawili, na kiongozi wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa historia. Kutoka hapa hadi Dodoma tulipanda treni ya umeme iliyoanza kazi mwaka 2024. Ni safi, inakimbia, na milima ya Uluguru inapita dirishani kabla hujamaliza chai yako. Sina zaidi la kusema juu yake. Safari yenyewe ilianza Dodoma, tulipohamia reli ya zamani, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga hapa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwezi Februari 1914, miezi michache tu kabla ya Vita Kuu. Mabehewa yake yanayumba, magurudumu yanagonga, na mtu akitaka kuzungumza hana budi kumsogelea mwenzake.

Mwalimu alitukusanya dirishani tulipokuwa tukiivuka nchi ya Wagogo, mibuyu imesimama mmoja mmoja kwenye vumbi, akatuambia kuwa reli hii kwa sehemu kubwa inaifuata njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji. Hapa Ugogo kila msafara ulilazimika kulipa hongo kwa watemi ili upite na upate maji, na neno hilo wakati ule lilikuwa na maana ya ushuru wa njia, si rushwa kama tunavyolitumia leo. Mbele yake kulikuwa na pori kavu lililoitwa Mgunda Mkali, ambalo wapagazi waliliogopa kwa kiu. Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, wakiongozana na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wao, waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Tabora, iliyoitwa Kazeh, mwezi Novemba. Sisi tulilipita pori hilo tukiwa tumeketi, chupa za maji miguuni. Nilinyamaza kwa muda mrefu, nikiwafikiria waliobeba pembe za ndovu mabegani, na wale wengine waliokwenda njia hiyo hiyo na minyororo shingoni, ambao hakuna aliyeandika majina yao.

Stesheni ya Saranda ni lazima nikueleze. Kabla treni haijasimama sawasawa, akina mama walikuwa wameshafika madirishani na mabeseni vichwani. Mmoja, mtu mzima mwenye kilemba cha kijani, alilishusha beseni lake, akafunua kitambaa, akageuza kila kipande cha kuku kwa ncha za vidole ili nione upande wa pili haukuungua. Nilipompa fedha treni ilikuwa imeanza kuondoka, akatembea sambamba na dirisha akihesabu chenji bila haraka, akanitia mkononi noti ya mwisho, akasema, "Safari njema, dada." Baada ya hapo garimoshi lilianza kupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Manyoni, kwa mwendo wa mtu anayepanda ngazi na mzigo, na bonde lote likabaki nyuma yetu.

Tulifika Tabora usiku, na asubuhi tukaenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe, yaani nyumba ya udongo, walilokaa wasafiri wa Kizungu Livingstone na Stanley. Lililopo leo limejengwa upya, lakini limejengwa kwa namna ile ile: kuta nene za udongo, paa bapa, na mbao za mlango zilizochongwa kama milango ya Unguja. Niliweka kiganja changu juu ya nakshi ile nikakukumbuka. Bibi yako alipokuwa akitusimulia barazani kuhusu nyumba za Unyanyembe, nchi ya huko Tabora, zenye ubaridi ndani wakati nje jua linachoma, nilidhani ni utamu wa hadithi. Ni kweli tupu, somo. Niliingia nikiwa natoka jasho na baada ya muda mfupi nilijifunga mtandio.

Mwalimu hakuacha tuone kuwa Tabora ni mji wa wageni tu. Alitusimulia habari za Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi aliyepigana na Waarabu wa Tabora, na za Isike, mtemi wa Unyanyembe aliyejilipua kwa baruti ngomeni mwake mwaka 1893 kuliko kutekwa na Wajerumani. Alitupitisha pia kwenye shule aliyosoma Nyerere, akatueleza mkutano wa TANU, chama kilichopigania uhuru, uliofanyika Tabora mwaka 1958, ambapo wajumbe waliokasirishwa na sharti la kura tatu, yaani kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja, nusura wasusie uchaguzi, mpaka Nyerere akawashawishi washiriki.

Kutoka Tabora kwenda magharibi ni miombo mitupu, na mwezi huu miti inachipua majani mekundu kabla ya mvua kunyesha, hata ukadhani msitu unawaka. Nimekununulia asali ya huko. Kigoma tuliliona ziwa jua likizama upande wa Kongo, na kesho yake tukaenda Ujiji, walikokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871. Mnara wao upo, lakini mimi kilichonigusa ni miembe, na wazee wa kanzu na kofia waliotujibu salamu kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kimanyema, mbali kiasi kile na bahari.

Ukija, usije masika, kwa maana mafuriko ya upande wa Kilosa huweza kuikata njia. Chukua behewa la kulala, na lete shuka lako. Jambo moja nakuomba ulifanye sasa hivi: muulize mama jina la mtaa alikozaliwa bibi, na jina la baba yake bibi kamili, uniandikie. Mwalimu ameniahidi kuwa atawauliza wazee anaowafahamu pale Tabora kabla hujafika, na wazee hao, alisema, hawazidi wawili au watatu sasa.

Nisalimie mama sana, na uwabusu watoto.

Wasalaam,
Somo yako