Tija ya karakana za jeshi ipimwe kwa saa za doria

Mhariri,

Tangu operesheni ya Linda Boni, ya kuwasaka al-Shabaab katika msitu wa Boni, ilipoanza mwaka 2015, usalama wetu wa barabara ya Garsen na wa bahari ya Kiunga umetegemea magari na boti za wanajeshi zinazoweza kutoka na kurudi salama. Kwa hiyo inanisikitisha tija ya karakana za jeshi inapoelezwa kwa idadi ya magari yaliyotengenezwa, au ya yale yaliyo tayari asubuhi ya ukaguzi.

Kipimo cha kwanza humpa sifa fundi ambaye gari lake hurudi karakana kila mara. Cha pili kina hatari zaidi, kwani njia rahisi ya kuwa na magari mengi yaliyo tayari ni kutoyatumia. Uingereza ililiona hili katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, pale Kamandi ya Pwani ya jeshi lake la anga, iliyokuwa ikiwinda nyambizi za Wajerumani, ilipotaka robo tatu ya ndege ziwe tayari wakati wote. Mwanabaiolojia Cecil Gordon na wenzake walionyesha kuwa sharti lenyewe ndilo lililopunguza safari, maana ndege inayoruka huharibika, na kikosi kilichoruka sana kilionekana kizembe. Tena waligundua kwamba hitilafu ziliongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa kila saa 50 za kuruka, kisha zikapungua. Yaani kufunguafungua vilivyo vizima kulileta ubovu. Kazi ilipopangwa upya, saa za kuruka ziliongezeka sana.

Hapa kwetu fundi wa Matondoni hasifiwi kwa mara alizolipandisha jahazi pwani kulitia kalafati ya kuziba nyufa za mbao, bali kwa misimu linayosafiri bila kuvuja.

Naiomba Wizara ya Ulinzi ihesabu saa za doria zilizotimizwa, muda kati ya hitilafu moja na nyingine, na siku ambazo chombo kilikaa kikingoja vipuri. Siku hizo asilaumiwe fundi, kwani hawezi kufunga pampu ambayo haijanunuliwa. Chumvi ya Manda na vumbi la Boni navyo vizingatiwe, gari la huku lisipimwe sawa na la Nairobi. Hesabu hizo zikusanywe na afisa asiye chini ya mkuu wa karakana, na kamati ya Bunge inayosimamia ulinzi ielezwe kila mwaka, hata ikiwa ni kwa faragha, kabla ya kuidhinisha fedha za magari mapya.

Mkazi wa Mokowe,
Kaunti ya Lamu